Usiniulize kV kwanza

Magari mawili ya rimoti yaliwekwa mezani ubavu kwa ubavu, yametoka tu kukimbia. Mota ni ileile: bodi ya mm 36 kwa 50, na namba ileile imeandikwa pembeni, 3300 kV. Betri zinafanana, kontrola (kile kidude kinachoigawia mota umeme wa betri) zinafanana. Nikaweka kidole kwenye mota ya gari la kwanza. Vuguvugu, kidole kinakaa. Nikakihamishia kwenye ya pili, nikakirudisha upesi kuliko nilivyokipeleka.

Mwenye gari la pili, kijana aliyeingia kwenye mchezo huu juzijuzi, alikuwa na jibu tayari.

"Kaka, hii mota nimeuziwa mbovu. Haina nguvu. Nataka nichukue yenye kV kubwa zaidi."

Nilimwambia aiache ipoe kwanza, tukaendelea na mengine. Lakini kauli ile ilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Si kwamba ilikuwa ya kijinga. Ndiyo kauli ya karibu kila mtu anayeingia kwenye magari ya rimoti ya umeme, na hata ya baadhi ya wakongwe. Swali la kwanza ni kV ngapi. La pili ni C ngapi, ile namba ya kwenye betri. Baada ya hapo mtu anafungua pochi.

Hizo ndizo namba zilizoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote kwenye boksi.

Na ukizisoma peke yake, hazikuambii karibu lolote.

## Namba ambayo si nguvu

kV hapa si kilovolti; ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haijafungwa kwenye kitu chochote. Basi. Mota ya 3300 kwenye volti 7.4 inazunguka mara 24,420 kwa dakika ikiwa mkononi mwako. Hilo tunalijua wote. Tunachokiruka ni upande wa pili wa namba hiyohiyo.

Nguvu ya kuzungusha inayopatikana kwa kila ampea ni 9.55 gawanya kwa kV, jibu likija kwa nyutoni-mita. Mota ya 3000 inakupa takriban 0.0032 kwa ampea moja. Ya 4500 inakupa 0.0021. Yaani ukizilisha ampea sawa, ile yenye namba kubwa ndiyo inayosukuma kidogo.

Hapo nilikwama. Kama ni hivyo, mbona magari yenye kV kubwa yanaruka mbele ukigusa tu rimoti?

Jibu liko kwenye koili. Ili kV ipande, mtengenezaji anapunguza idadi ya mizunguko ya waya kwenye koili na kutumia waya mnene zaidi. Mizunguko ikipungua kwa nusu, kV inakuwa maradufu, na ukinzani wa koili unashuka hadi robo. Mota ya namna hiyo haizuii umeme. Ukiifungulia, inakula ampea kwa fujo. Huo ndio ule mruko. Haukutoka kwenye namba, umetoka kwenye betri.

Sasa njoo kwenye kitu kilichonifanya nirudie hesabu mara mbili tatu nikidhani nimepotea. Chukua mota mbili za bodi moja, sumaku zilezile, nafasi ya shaba ileile, ila moja imesokotwa 3000 na nyingine 4500. Zidai zote mbili nguvu sawa ya kuzungusha. Ya 4500 itahitaji ampea mara moja na nusu. Joto kwenye koili hufuata mraba wa ampea, kwa hiyo lingepanda mara 2.25. Lakini ukinzani wake nao ni mdogo mara 2.25. Vinafutana! Joto la koili ni lilelile.

Kwa hiyo nguvu ya mota haiko kwenye kV. Iko kwenye ukubwa wa mota yenyewe: shaba imejaa kiasi gani, sumaku ina urefu gani, bodi inatoa joto kwa kasi gani. Ndiyo maana tarakimu nne zile nyingine, 3650, 3660, 3674, ambazo watu huzipita kama namba ya simu ya mtu wasiyemjua, zina maana kuliko kV. Mbili za kwanza ni kipenyo cha bodi kwa milimita, mbili za mwisho ni urefu. Mota ya 3674 imeongezewa milimita 24 za shaba na sumaku juu ya 3650. Ukiishika tu mkononi utalihisi hilo.

Tofauti ya kV inaumiza mahali pengine, nje ya mota. Nyaya, plagi, kontrola na betri havikubadilika ulipobadilisha mota. Ukinzani wao ni uleule, na sasa vinapitisha ampea mara moja na nusu. Huko hakuna kinachofutana: joto ni mara 2.25, lote. Ukiona plagi imelainika na kuanza kugeuka rangi baada ya kufunga mota "kali", mota yenyewe inaweza kuwa haina shida yoyote.

## Anza kwenye tairi

Siku hizi mtu akiniuliza mota, namuuliza tairi.

Kipenyo chake milimita ngapi? Wengi hawajui. Tairi haina namba ya kujivunia, hakuna anayeisimulia.

Tuseme gari ni la skeli ya 1:10, yaani dogo mara kumi kuliko gari halisi, na tairi ina kipenyo cha mm 85. Mzingo wake ni karibu mm 267. Sasa hesabu gia: meno ya gia kubwa gawanya kwa meno ya pinioni, ile gia ndogo inayokaa kwenye shafti ya mota, kisha zidisha kwa uwiano wa ndani ya gari, pamoja na difu. Tuseme jibu ni 9. Maana yake mota inazunguka mara tisa ili tairi izunguke mara moja, na kila mzunguko wa mota unalisogeza gari milimita 29.7.

Rudi kwenye mizunguko yetu 24,420. Zidisha. Unapata mita 725 kwa dakika, karibu kilomita 43.5 kwa saa. Ardhini utapata pungufu ya hapo kwa sababu ya uzito, msuguano na upepo, lakini umeshajua gari lako linataka kwenda wapi kabla hujanunua hata skrubu.

Hizo milimita 29.7 ndiyo namba ninayotaka kuijua kuliko zote. Waliozoea mashindano huipima, huiandika kwenye daftari na huibadilisha kwa sehemu ndogo za milimita. Sisi wa uwanjani tunaifunga ilivyokuja kutoka kiwandani na kuisahau.

Na hapo ndipo yule kijana aliponisaidia bila kujua. Nilimwomba anipimie matairi yake kwa rula. La mwenzake lilikuwa na yaleyale yaliyokuja na gari, mm 85. La kwake alishalivalisha matairi makubwa ya mm 110, kwa sababu yanalipendeza gari, na kweli yanalipendeza. Pinioni hakuigusa.

Fanya hesabu hiyohiyo. Tairi ya mm 110 ina mzingo wa karibu mm 346. Kwa gia ileile ya 9, kila mzunguko wa mota sasa unalisogeza gari mm 38.4. Ni sawa na mtu kupanda mlima kwa baiskeli iliyoachwa kwenye gia nzito. Ili lisukumwe vilevile, mota inadaiwa nguvu zaidi kwa asilimia 29. Ampea zinapanda asilimia 29. Joto la koili, kwa kuwa linafuata mraba, linapanda kwa takriban asilimia 67. Hapo sijahesabu kwamba tairi kubwa ni nzito, na ule uzito unapaswa kuzungushwa upya kila mara unapobonyeza rimoti.

Mota haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi ya mota kubwa zaidi.

Dawa yake ni kichuma kidogo. Kama pinioni ilikuwa ya meno 20, ishuke hadi 15 au 16, na gari linarudi karibu na milimita zake za mwanzo. Ukiibadilisha, usikadirie kwa macho nafasi kati ya gia mbili. Kata ukanda wa karatasi ya kawaida ya daftari, upitishe kati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota mpaka meno yaibane karatasi, kaza skrubu, kisha zungusha gia uitoe. Itoke imekunjikakunjika lakini haijachanika. Ikichanika, umebana mno na utakula beringi za mota. Ikitoka bila alama, umeacha wazi mno na gia kubwa ya plastiki itasagika meno. Kisha izungushe gia kubwa duara zima kwa kidole ukisikiliza, maana si zote zilizo duara kamili. Kaza pale inapobana zaidi.

## Volti au ampea

Lipo, yaani betri ya lithiamu-polima, niliyokulia nayo kwenye mchezo huu ni ya seli mbili. Seli moja ya lipo huhesabiwa volti 3.7, ikijaa inafika 4.2. Seli mbili, 7.4. Tatu, 11.1. Nne, 14.8. Na kwa miaka yote nimesikia onyo moja: ukitoka mbili kwenda tatu, mota inaungua.

Nimeona zikiungua kweli. Ila sikuridhika na maelezo.

Kwa sababu kwa upande wa umeme, volti nyingi ni jambo jema. Gari linalohitaji wati 600 kwa muda fulani litavuta ampea 81 kwenye volti 7.4, na ampea 54 tu kwenye 11.1. Joto linalopotea kwenye nyaya na plagi linashuka chini ya nusu. Kwenye 14.8 ni ampea 40.5, na joto la nyaya ni robo ya lile la mwanzo. Magari mazito ya skeli ya 1:8 yamehamia kwenye seli nne kwa sababu hiyo hasa.

Tatizo ni kwamba mtu huongeza seli na kuacha kila kitu kingine kama kilivyo. Mota ileile ya 3300, pinioni ileile. Volti zimepanda nusu zaidi, na kasi nayo inataka kupanda nusu zaidi, kutoka 43.5 hadi kilomita 65 kwa saa. Upepo haudai nusu zaidi. Nguvu inayohitajika kuupasua upepo hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, tatu kwa pamoja: 1.5 kwa 1.5 kwa 1.5, ambayo ni 3.375. Umeongeza seli moja, na umeidai mota zaidi ya mara tatu ya kazi ya upepo. Iungue isiungue?

Fanya vingine. Mota ya 4500 kwenye seli mbili inalenga mizunguko 33,300. Mota ya 3000 kwenye seli tatu inalenga 33,300 pia, barabara. Bodi ileile, gia ileile, kasi ileile, ila theluthi moja ya ampea imeondoka. Volti zikipanda, kV ishuke. Hiyo ndiyo sentensi inayokosekana kwenye onyo tunalorithishana.

Mipaka ipo, lakini. Mota nyingi za bodi hii zimeandikiwa kikomo cha mizunguko 50,000 kwa dakika, nyingine 60,000. Mota ya 4500 kwenye seli tatu zilizojaa, volti 12.6, inataka 56,700. Sumaku ya ndani inazunguka kwa kani ya kutaka kupasuka itoke nje, na beringi zinalia. Na gari jepesi linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, lenye difu ya plastiki, halitakushukuru kwa seli ya tatu hata hesabu ikiwa nzuri. Kwa gari la namna hiyo mimi bado nabaki na seli mbili, na sioni aibu.

## C za kwenye lebo

Niseme tu wazi: hii ndiyo sehemu inayonikera.

Betri ya mAh 5000 ina uwezo wa kutoa ampea 5 kwa saa moja; ikiandikwa 100C inadai kutoa mara 100 ya hizo, ampea 500 mfululizo. Ampea 500 zingeimaliza betri hiyo kwa sekunde 36. Plagi ya XT60 hutajwa kuwa ya ampea 60, na XT90 ya 90. Sasa hizo 500 zitapitia wapi? Hakuna mtu atakayelijaribu dai hilo kwenye gari, na mwandika lebo analijua hilo. Ndiyo maana namba hupanda kila msimu na betri ni zilezile.

Kitu cha kuangalia ni ukinzani wa ndani, unaopimwa kwa miliomu. Chaja nyingi za kisasa huonyesha ukinzani wa kila seli ukiifungua menyu. Si kipimo kamili, kwa sababu hubadilika na joto la betri na namna chaja inavyopima, lakini chaja moja ikipima betri mbili siku moja, ulinganisho una maana.

Nilifunga kipima wati kati ya betri na kontrola, kile kidude kinachohifadhi volti ya chini kabisa na ampea za juu kabisa. Betri mbili zenye lebo moja, zote zimejaa, 8.4. Gari likaondoka kwa nguvu kutoka kusimama. Betri ya kwanza ilishuka hadi 7.7 kwenye karibu ampea 90. Ya pili, kwenye ampea hizohizo, ilishuka hadi 6.4.

Volti mbili nzima zimepotelea ndani ya betri, kabla hazijafika popote.

Kwenye mota ya 3300, tofauti kati ya 7.7 na 6.4 ni mizunguko 4,290 kwa dakika. Mwenye betri ya pili atakuambia mota haina nguvu, na ataapa. Zaidi ya hapo, 6.4 ni volti 3.2 kwa seli, na kontrola nyingi hukata umeme karibu na hapo kulinda lipo. Gari linakatakata mwanzoni kabisa mwa mbio huku betri imejaa. Mtu anafungua kontrola, anabadilisha waya wa sensa (kile kinachoiambia kontrola sumaku ya mota imesimama wapi), anarudisha rimoti dukani. Halafu ananunua mota yenye kV kubwa zaidi, inayovuta ampea nyingi zaidi, na volti inashuka chini zaidi ya hapo.

Nikirudi kwa yule kijana, hili ndilo lililonitia shaka muda mrefu. Nilidhani betri yake ndiyo mkosaji, maana dalili zinafanana: gari zito kuondoka, mlalamiko uleule wa "haina nguvu". Kilichotenganisha ni mahali joto lilipo. Gia ikiwa nzito, inayochemka zaidi ni mota. Betri ikiwa dhaifu, betri yenyewe ndiyo inayotoka ya moto na mota inabaki ya wastani. Lipo ikipita nyuzi 60 inaharibika kwa ndani, na ile inayotoka imevimba ina njia moja tu, ya kwenda kutupwa salama.

Kuhusu uwezo wa mAh, maneno machache yanatosha. mAh 5000 kwa wastani wa ampea 20 ni dakika 15. Acha moja ya tano ndani na umebaki na 12. Uwezo zaidi ni uzito zaidi, na uzito unaulipia kila kona. Ila betri kubwa ya familia moja kwa kawaida ina ukinzani mdogo pia, kwa hiyo kati ya betri ndogo yenye lebo kali na kubwa yenye lebo ya kistaarabu, mimi nachukua kubwa, ilimradi inaingia kwenye trei.

Mambo ya kuchaji mnayajua: ampea sawa na uwezo, yaani 5 kwa mAh 5000, seli zisawazishwe, usiondoke ukaiacha peke yake. Linalosahaulika ni kuihifadhi. Lipo iliyojazwa 8.4 ikaachwa kabatini wiki nyingi inazeeka bila kukimbia hata mita moja. Iache karibu na volti 3.8 kwa seli. Na kama kontrola yako ni ya enzi za betri za nikeli, huenda haina kabisa kipengele cha kukata umeme. Itaikamua lipo mpaka chini ya volti 3 kwa seli, na hapo umeiua.

## Brashi haijafa

Ningependa kusema mota yenye brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye koili inayozunguka, imepitwa; ingenirahisishia kazi. Haijapitwa.

Mota za brashi hupimwa kwa idadi ya mizunguko ya waya badala ya kV, na namba kubwa ni mwendo wa polepole. Ile ya saizi ya 540 ya kawaida ni ya mizunguko 27. Kwenye magari ya kupanda mawe, watu wanafunga za 35 hadi 55 kwa makusudi, kwa sababu gari linatambaa kwa utulivu na waya wake ni mbili tu. Mota ya bila brashi isiyo na sensa haijui sumaku yake imesimama wapi kabla haijaanza kuzunguka. Inakisia. Ukitaka isogee polepole chini ya mzigo, inadundadunda na kutetemeka, halafu inaruka. Kwenye lami hilo halikusumbui, lakini juu ya jiwe linaangusha gari.

Yenye sensa inatatua hilo, na kwenye madaraja ya mashindano ya 17.5 na 13.5, ambako mota zinahesabiwa kwa mizunguko ya waya na kontrola haziruhusiwi kuongeza mwendo kwa ujanja wa programu, kila mtu anafunga sensa. Huko watu wanashindana kwa gia, matairi na betri, kwa sababu mota zimelinganishwa. Inafurahisha kuona jinsi magari ya mota sawa yanavyoachana.

## Mota inayolia vizuri

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kumjibu kijana kwa ujumbe mfupi.

Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kudhoofika zikipita takriban nyuzi 80. Za daraja la juu huvumilia zaidi, ila boksi mara nyingi halisemi ni zipi zimefungwa ndani. Ndiyo maana wengi wetu tunachukua nyuzi 80 kwenye bodi kama mwisho, tukijua ndani ni moto zaidi kuliko nje. Pima katikati ya betri, usingoje imalizike, kisha pima tena dakika chache baada ya kusimama. Ya pili mara nyingi ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu feni na upepo vimekoma lakini joto la koili bado linatoka.

Mota iliyopikwa hivyo haifi mara moja. Sumaku zikidhoofika, kV inapanda. Ndiyo, inapanda. Iweke juu ya stendi, matairi hewani, ubonyeze rimoti: inalia kwa sauti nyembamba zaidi, inazunguka kasi kuliko ilipokuwa mpya. Mwenye nayo anafurahi, anasema imelainika. Ishushe chini, na kwa kila ampea inasukuma kidogo kuliko zamani. Inavuta ampea zaidi kufidia, inapata joto zaidi, sumaku zinadhoofika zaidi.

Kwa hiyo usiichunguze mota ya mtu mwingine kwa kuisikiliza hewani. Muulize alikuwa anafunga pinioni gani.

## Ningechukua nini

Kijana ameniuliza hili, na wengine watauliza kwenye maoni, basi nijibu.

Gari lake la 1:10 lenye matairi ya mm 110: kama matairi yanabaki, mota isibadilishwe kabla pinioni haijashuka. Ikishuka na bado inachemka, ndipo apande kutoka 3650 kwenda 3660 au 3674, akipima kwanza kama inaingia kwenye nafasi yake, na kV yake iwe ndogo kuliko ya sasa. Seli mbili, mAh 5000, betri aliyoona ukinzani wake, si aliyosomewa C zake. Plagi za XT60 zinamtosha. Zile nyeupe kubwa za plastiki za magari ya zamani azikate, maana hazikutengenezwa kwa ampea hizi.

Akitaka kilomita 60 kwa saa, aanze upya: seli tatu, mota ya kati ya 2500 na 3000, gia za chuma, na uwanja mrefu kuliko alionao.

Mimi la kwangu la lami nimeliacha na 3300 na seli mbili. Kwenye boksi la vifaa nina pinioni za meno 15, 17, 19 na 21, na rula.

Ile ya 21 sijawahi kuwa na sababu ya kuifunga.